Simbilisi Kumi na Wanane

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Mme Moipone, yaani Mama Moipone kwa Kisotho, alikuwa akifukua matuta ya vitunguu nyuma ya jiko la hospitali ya Matlhakeng. Umande ulikuwa umeganda usiku kucha, na udongo ulimkatalia kila alipochoma uma wa bustani. Alipofika tuta la mwisho, kando ya ukuta, uma ukazama mpaka kwenye mpini kama umechomwa kwenye uji.

Akavuta. Ukatoka mfuko wa unga wa mahindi. Ndani yake walikuwa wanyama weupe, wadogo, wanene, wasio na mikia, wamepangwa ubavu kwa ubavu kama watoto waliolala kitanda kimoja. Wote wamekufa, na kila mmoja sikio lake la kushoto limechanika.

"Simbilisi wa juu," alinong'ona. Akahesabu. Kumi na wanane. Kisha akautupa uma na kukimbia.

Waliopanda mbio kwenda chumba cha simbilisi wa utafiti, ghorofani, walikuta jambo la ajabu kuliko la bustanini. Vizimba vilikuwa sitini, na simbilisi walikuwa sitini. Kila mmoja alikuwa na hereni yake ya bati sikioni, namba moja mpaka sitini. Hakuna aliyepotea.

"Basi hawa wangu wametoka wapi?" Mme Moipone aliuliza.

Simu ilipopigwa polisi, mkuu wa kituo hakujisumbua kufikiri. "Wana miguu minne? Hiyo ni kesi ya Ramabodu."

Sajini Tseko Ramabodu wa kikosi cha wizi wa mifugo alifika saa mbili na robo, amevaa koti zito na viatu vilivyozoea kinyesi cha ng'ombe. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefuata nyayo za mifugo ya watu kutoka mashamba ya Free State mpaka milima ya Lesotho. Hakuwahi kuitwa kwa mnyama anayeingia mfukoni.

"Kabla sijamuuliza mtu yeyote," alisema, "nielezeni hawa wadudu wenu kazi yao ni nini."

Aliyemweleza ni Daktari Nthatisi, mkuu wa utafiti, mwanamke mrefu aliyeonekana hajalala vizuri. Chini, alisema, kuna wodi ya wagonjwa sita wa kifua kikuu sugu. Madirisha yake hayafunguki. Hewa yote wanayopumua wagonjwa huvutwa na feni kupitia bomba, ikapanda mpaka chumba cha simbilisi, ndipo ikachujwa na kutolewa nje. Simbilisi hawana hewa nyingine ya kuvuta ila pumzi za wale watu sita.

"Kama mgonjwa bado anatoa vijidudu, simbilisi atavipata. Kila mwezi tunawachoma sindano ndogo ya ngozi. Baada ya siku mbili, aliyeambukizwa ngozi yake huvimba. Jana tumewachoma. Kesho tunasoma."

"Na wasipovimba?"

Daktari akatazama sakafu. "Niliwaahidi wagonjwa kwamba miezi miwili mfululizo ikipita bila uvimbe, ina maana dawa mpya inafanya kazi, na watamalizia matibabu nyumbani. Mwezi uliopita hakuvimba hata mmoja. Wako ndani miezi minane, Sajini. Wanazihesabu siku kuliko mimi."

Sajini akavaa barakoa na joho, akaingia. Hakutazama namba za hereni. Alitazama masikio. Alikwenda kizimba kwa kizimba, akimgeuza kila mnyama kwenye mwanga wa dirisha kama mwanamke anavyochagua nyanya sokoni, na kila alipoona alichokitafuta aliweka alama ya chaki. Alipomaliza, vizimba kumi na vinane vilikuwa na chaki.

"Tundu la hereni la zamani lina ukingo laini, kama tundu la sikio la bibi," alisema. "Haya kumi na manane yana kigaga. Kigaga cha siku nne, labda tano. Mtu amewachomoa hereni simbilisi wenu, akawavika wageni. Wezi wa ng'ombe hufanya hivyo hivyo na alama za moto, ila wao hawana vidole vyepesi kama huyu."

"Siku nne," alisema Daktari. "Ijumaa."

"Ijumaa au Jumamosi. Mna mizani?"

Ukutani palikuwa na chati ya uzito wa kila Alhamisi. Waliwapima wale wa chaki. Wote kumi na wanane Alhamisi walikuwa wamekonda. Sasa walikuwa wanono kupita wenzao.

"Mnyama hanenepi hivyo kwa siku nne," alisema Sajini, "hata ukimlisha kwa kijiko. Aliyefanya hivi alijua kuisoma chati hii. Alichagua waliokonda, maana waliokonda ndio wagonjwa. Alitaka kesho asivimbe hata mmoja."

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mlishaji, Ntate Sebolai, yaani Baba Sebolai, mzee wa miaka sitini na mmoja, aliyewahi kuchimba dhahabu kabla mgodi haujafungwa. Walikaa kwenye benchi la nje, kwenye jua hafifu.

"Ntate, hawa wanyama unawajua?"

"Kama wanangu. Nikishika ndoo ya mboga kule ngazini tu, wananipigia miluzi mpaka masikio yanauma." Mzee akakunja uso. "Lakini tangu Jumamosi kuna vizimba havipigi. Vinaniangalia tu kama mkwe aliyekasirika. Nikadhani ni baridi."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani kwamba simbilisi wamenikasirikia? Wangenicheka."

Sajini akacheka yeye. "Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mpaka saa kumi na moja jioni."

"Njia ya mwongo ni fupi, Ntate. Kitabu cha getini kinasema ulitoka saa nane na nusu."

Mzee akainuka. Akashika ngazi kurudi kwa simbilisi wake bila kugeuka.

Daktari Nthatisi naye alikuwa na lake. Ijumaa alikuwa Bloemfontein mkutanoni, hilo lilithibitika. Lakini kitabu cha getini kilionyesha kwamba Jumamosi saa nne asubuhi, siku isiyo ya kazi, aliingia peke yake akakaa saa nzima.

"Nilikuja kusoma," alisema.

"Kusoma nini?"

"Makaratasi."

"Daktari, matokeo mazuri kesho yangekufaa kuliko mtu yeyote katika jengo hili."

Macho ya mwanamke yakawaka. "Matokeo ya uongo yangemuua mtoto wa mtu! Unajua TB sugu inamfanya nini mtoto mchanga? Mimi najua. Andika hilo kwenye daftari lako."

Sajini akaliandika.

Saa tisa alasiri alipanda kwenye chumba cha mitambo, pembeni ya chumba cha simbilisi. Huko alimkuta fundi wa feni, Lebusa Tlali, mtu mpole wa miaka arobaini na saba, mwenye vidole virefu na sauti ya chini. Alimkaribisha Sajini kiti kimoja kilichokuwapo na yeye akasimama.

"Umeanza kazi lini hapa?"

"Miezi minane iliyopita. Kabla ya hapo nilikuwa mgodini, miaka kumi na tisa. Kazi ile ile: kuwapelekea watu hewa."

Juu ya meza mashine ndogo ilikuwa ikichora kwa kalamu mwendo wa feni kwenye karatasi ndefu iliyojiviringisha, mchana na usiku. Sajini aliikunjua. Mstari ulikuwa umenyooka, ila kila siku mara moja ulidondoka na kupanda tena, kama jino.

"Hili nini?"

"Naizima dakika mbili. Natia mafuta."

"Kila siku saa kumi na dakika kumi?"

"Mashine ni kama ng'ombe, Sajini. Inapenda saa zake."

Sajini akatabasamu. Huyu mtu alimpendeza. Akaendelea kuikunjua karatasi: Jumatatu jino, Jumapili jino, Jumamosi jino. Kidole chake kikasimama.

"Ijumaa hakuna."

"Ijumaa?" Lebusa aliinama kutazama. "Nilisahau."

Saa kumi na dakika nane Sajini alikuwa amesimama na Sista Keabetswe, muuguzi wa zamu, nje ya kioo cha wodi. Ndani, wanaume wanne walikuwa wanacheza karata. Mzee wa kitanda cha sita alikuwa amelala akikohoa kikohozi kirefu kisichoisha. Mwanamke pekee, wa kitanda cha nne, alikuwa akiburuta kiti. Alikiweka chini ya mdomo wa bomba, kwenye dari. Akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, akakinyoosha kwa viganja viwili mbele ya kioo, akimtazama Sajini bila kumwona. Kisha akapanda juu ya kiti.

Mngurumo wa feni ukafa.

Midomo ya yule mwanamke ikaanza kucheza. Akanyamaza, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza. Akasema tena. Halafu akacheka, mkono mdomoni.

"Anaitwa nani?"

"Mme Selloane. Anasali, maskini. Kila siku saa hii."

"Ana mume?"

"Hapana. Anatembelewa na binti yake tu, Mamello, mara moja kwa mwezi. Binti huyo ana kichanga cha miezi mitano ambacho Mme Selloane hajawahi kukigusa. Ruhusa ikitoka, mama atakwenda kuishi kwao. Nyumba ya vyumba viwili."

Feni ikaanza kunguruma. Mwanamke akashuka kitini polepole, akakaa hapo hapo, mikono mapajani, uso bado juu.

"Sista," alisema Sajini, "mtu anayesali hacheki hivyo."

Usiku ule Sajini alilala vibaya. Alikwishamjua mtu wake, lakini kujua si kuthibitisha, na katika kazi yake alikuwa amewaona wengi waliofungwa kwa sababu polisi aliharakisha kuhukumu. Palikuwa bado na uongo wa watu wawili.

Jumatano saa mbili asubuhi alimkuta Ntate Sebolai akifagia mbele ya ngazi.

"Ntate, sikuulizi tena ulikuwa wapi. Nakuuliza unaogopa nini."

Mzee aliegemea ufagio. Ndipo kikohozi, alichokuwa amekibana tangu jana, kikamtoka, kikamtikisa mabega.

"Wiki tatu sasa," alisema alipopata pumzi. "Ijumaa nilikwenda kliniki ya mji mwingine, wasikonijua. Hapa wakijua, sitapanda tena ngazi hizi. Na nyumbani hakuna mtu, Sajini. Mke wangu alikwisha fariki, watoto wako Gauteng hata simu hawapigi. Nina hawa tu wanaonipigia miluzi."

"Mficha maradhi, Ntate…"

"Najua. Kifo humuumbua. Mama yangu aliniambia hiyo kabla yako."

Daktari Nthatisi hakungoja kuulizwa. Alimfuata Sajini mwenyewe kwenye gari, amejikunyata kwa baridi.

"Jumamosi sikuja kusoma makaratasi. Alhamisi niliuona ule uzito. Nilijua wamepata, kumi na wanane, na kwamba nitashuka chini kuwaambia watu sita hamuendi popote. Sikuweza kukaa nyumbani. Nikaja kuwatazama. Nikawakuta wazima, wanono." Alimeza mate. "Nilifurahi, Sajini. Nilifurahi nikaketi chini nikalia. Wala sikujiuliza. Daktari wa miaka tisa kazini, sikujiuliza."

"Ungejiuliza ungenipunguzia safari," alisema Sajini, lakini kwa upole.

Saa kumi kasoro robo aliwakusanya watatu juu, Daktari, mlishaji na fundi, wote na barakoa. Mpakani, alisema, wanaume wawili wakigombania ng'ombe mmoja, polisi mwenye akili hachukui kalamu. Anawaambia wamwite. Ng'ombe hajui kusema uongo.

Akampa Daktari ndoo ya spinachi. Daktari akapita kati ya vizimba, huku na huku. Kimya.

Akampa Ntate Sebolai. Mzee hakuwa amefika hatua ya pili chumba kikalipuka kwa miluzi, myembamba na mikali. Simbilisi arobaini na wawili walisimama wameshika nyavu. Kumi na wanane wa chaki walikaa kimya.

"Ntate Lebusa."

"Mimi si mtu wa kulisha, Sajini."

"Shika ndoo tu."

Lebusa aliipokea. Alitembea polepole sana, kama anayevuka mto asioujua kina. Alipokifikia kizimba cha kwanza chenye chaki, simbilisi aliyekuwa ndani akainua kichwa, akanusa, akapiga mluzi. Akajibu wa pili. Kisha wote, kumi na wanane, wakarukia nyavu, wakimlilia kama watoto waliomwona baba yao akitokea njiani na mfuko mkononi.

"Nyamazeni," aliwaambia kwa sauti ya nyumbani. Kisha akasikia alichokisema.

Akaweka ndoo chini.

"Umewafuga wapi?" aliuliza Sajini.

"Nyuma ya chumba changu. Miezi sita. Nilinunua wazazi sokoni Welkom, nikawazalisha."

"Ijumaa?"

"Nilimwona Ntate Sebolai akitoka mapema. Nilifanya kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Sikuwatesa wale wengine. Shingo, mara moja, kama baba alivyotufundisha kwa sungura. Tanuri ya hospitali ya kuchomea taka ina kufuli, ndiyo maana nikazika."

"Mwanamke wa kitanda cha nne ni nani kwako?"

Lebusa alitazama mikono yake. "Aliningoja miaka kumi na tisa. Kila Krismasi nilirudi kutoka mgodini nikamwambia, mwaka ujao, Selloane, mwaka ujao nakuja moja kwa moja. Alizaa na mtu mwingine katikati, akaachwa, akaendelea kunisubiri. Sikuwahi kumlaumu, alaumiwe nani? Mgodi ulipofungwa nikarudi na masanduku yangu yote. Nikakuta wamemchukua wiki mbili nyuma. Sikuwa mume wake, kwa hiyo hakuna aliyeniambia niende wapi wala nimwone vipi. Nikasikia wanatafuta fundi wa hewa."

Ntate Sebolai alikuwa amegeukia ukutani.

"Siku ya kwanza nilizima ili nikaze bolti. Nikasikia mtu anaimba chini. Nikamjua. Sajini, miezi minane hii nimemsikia kuliko ile miaka kumi na tisa. Dakika mbili mbili. Lakini mtu hashibi kwa dakika mbili."

"Mapenzi ni kikohozi," alisema Sajini, karibu kwa huzuni. "Ulidhani utayaficha."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika tisa.

"Anapanda kwenye kiti sasa hivi," alisema Lebusa. "Nipeni dakika zangu za leo. Asije akayasikia kwa mtu mwingine."

Sajini alimtazama Daktari. Daktari alifumba macho, akasema, "Dakika moja."

Fundi akaingia chumba cha mitambo pembeni, wote wakimfuata, akazima feni. Alifungua kifuniko kidogo cha bomba, akapiga magoti na kuteremsha barakoa yake, kama alivyozoea, ili sauti ishuke wazi. Daktari alitaka kumzuia, mkono wake ukabaki hewani.

"Selloane."

"Umechelewa leo." Sauti ilipanda kutoka chini, yenye uchangamfu, kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Nimeambiwa wamesogeza kusoma. Kuna nini huko? Simbilisi wako wameota pembe?"

"Selloane, nimefanya kitu."

Alimwambia. Hakujipamba wala hakujitetea. Alipomaliza, sauti ilipanda polepole kutoka chini.

"Waliokonda walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Kwa hiyo bado sumu iko humu ndani. Labda ni mimi." Sauti ilikuwa imebadilika. "Na wewe ungeniacha niende. Ningefika kwa Mamello, ningemchukua yule mtoto, Lebusa. Nimemngoja tangu azaliwe. Ningemlaza hapa kifuani nikampumulia usoni usiku kucha."

"Nilitaka urudi nyumbani."

"Hata mimi nilitaka! Unadhani ni wewe tu?" Akakohoa. "Washa feni."

"Selloane, bado sekunde…"

"Washa feni, wewe mwanamume! Nikikohoa hapa nakukohoa wewe."

Mkono wa Lebusa ulikwenda kwenye swichi lakini haukuibonyeza. Sajini ndiye aliyenyoosha kidole chake juu ya kidole kile na kukisukuma. Feni ikanguruma, na chini hakusikika mtu tena.

Wale wa mfukoni walipasuliwa maabara. Kumi na mmoja kati ya kumi na wanane walikuwa na kifua kikuu. Saba walikonda tu kwa baridi. Kisha Daktari Nthatisi alifanya kazi ambayo wakati mwingine angeiacha baadaye: alilinganisha vijidudu vya wale kumi na mmoja na vya kila mgonjwa. Vyote, bila kubakiza, vilitoka kitanda cha sita. Dawa mpya ilikuwa imeshindwa kwa yule mzee mmoja. Kwa wengine watano ilikuwa imefanya kazi zamani.

Alimhamisha mzee chumba chake, akampa dawa nyingine, akaleta simbilisi wapya, akangoja mwezi mmoja na mwingine. Hakuvimba hata mmoja. Lebusa asingeigusa hereni hata moja, jambo lile lingejulikana wiki ile ile, na Selloane angetoka mapema zaidi.

Ntate Sebolai alipimwa. Kifua chake kilikuwa na vumbi la mgodi tu, la siku nyingi. Alipewa dawa ya kikohozi na ndoo yake.

Lebusa alikiri mahakamani. Alipopimwa afya mahabusu, kama wanavyopimwa wote, makohozi yake yalirudi na jibu. Miezi minane alikuwa ameuweka uso wake kwenye mdomo wa bomba, na bomba halichagui pumzi ya kumletea mtu. Vijidudu vyake vilikuwa vya kitanda cha sita. Hakimu aliandika kwamba kifungo chake kitangoja tiba yake, na tiba yake ilikuwa mahali pamoja tu.

Ndiyo maana Agosti, siku ya Alhamisi saa nne na dakika ishirini asubuhi, Sajini Ramabodu alimshusha mtu wake mbele ya mlango wa wodi wakati mlango ule ule unafunguliwa kumtoa mwanamke mwenye begi dogo.

Walisimama hatua tatu wakitazamana. Lebusa alikuwa amekonda. Barakoa ilimfunika uso wote ila macho. Selloane hakuwa na barakoa tena.

"Ndivyo ulivyo," alisema Selloane. "Sauti yako ilinidanganya. Nilidhani hujazeeka."

"Nimezeeka mwaka huu."

"Vidonge ni vingi. Vingine vinakutapisha. Utakula?"

"Nitakula."

"Vyote? Hata siku ambayo hutaki kuishi?"

"Vyote."

Selloane aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesaini kitu. Hakusema atamngoja. Alipompita alinyoosha mkono kumgusa bega. Sista Keabetswe akasema, "Mme, hapana," na mkono ukarudi.

Sajini alijitolea kumfikisha njia panda, ambako binti yake angempokea. Mwanamke alishusha kioo cha gari mpaka mwisho, Agosti ile yenye upepo wa kukata ngozi, na Sajini hakulalamika. Pembeni yalipita mashamba yaliyovunwa na vilima vya njano vya mchanga wa migodi iliyokufa.

Njia panda palikuwa na mama mmoja anakaanga magwinya, maandazi ya kule, kwenye sufuria nyeusi. Selloane aliagiza mawili. Yule mama alipomrudishia chenji aliiweka kiganjani mwake, vidole kwa kiganja, na Selloane akavifumba vidole vile ndani ya mkono wake na kuving'ang'ania.

"Vipi, dada? Chenji imepungua?"

"Haijapungua."

"Mbona wanishika hivyo?"

"Mkono wako una joto," alisema Selloane, na machozi yalikuwa yanamtiririka. "Niachie kidogo tu."

Muuza magwinya alimtazama, akamtazama polisi, akaacha mkono wake pale pale. Mafuta yakaendelea kuchemka.

Alipomaliza, Selloane alifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. Ng'ambo ya barabara Mamello alikuwa ametokea, anapunga, kichanga kimefungwa kwa blanketi mgongoni. Selloane alishika gwinya moja, na la pili, lililofungwa kwenye karatasi, akamwekea Sajini mkononi.

"Mpelekee. Mwambie ale likiwa bado la moto."

"Mme, ni kilomita arobaini."

"Basi kimbiza gari," alisema, akavuka barabara.

Sajini aliliweka gwinya juu ya tundu la kipasha joto, akageuza gari, akakanyaga mafuta.